Monstera, kalathea, ZZ au pothosi: upi unafaa nyumba yako ya Nairobi?

Ukipita vitalu vya kando ya Barabara ya Ngong, ya Kiambu au ya Limuru, kuna mimea minne ya majani ambayo hutaikosa. Monstera, yenye majani mapana yaliyopasuka na kutoboka. Kalathea, yenye michoro ya kijani, fedha na zambarau. ZZ, yenye mashina manene na vijani vinavyong'aa. Na pothosi, ile inayotambaa na kuning'inia kutoka rafuni.

Wauzaji huiita yote minne maua ya ndani, na ukiuliza kama ni rahisi kutunza utajibiwa ndiyo kwa yote minne. Hapo ndipo pesa za watu hupotelea. Mmea unaostawi ghorofa ya saba Kileleshwa unaweza kudhoofika miezi michache tu katika chumba cha mtaa wa Pipeline, ambako majengo yamebanana, na ule unaovumilia giza la Pipeline ukaungua majani Kileleshwa. Msimamo wangu ni huu: hapa Nairobi, angalia kwanza dirisha lako na maji yanayotoka kwenye mfereji wako. Uzuri wa mmea uje baadaye.

Nikibanwa nitoe jibu la haraka, nitasema ZZ kwa walio wengi. Ila jibu hilo ni la mtu ambaye hajaiona nyumba yako, kwa hiyo soma mbele.

Mwanga

Maelekezo mengi ya mimea ya ndani yanatoka Ulaya na Marekani. Kwao dirisha la kusini lina jua mwaka mzima na la kaskazini ni la kivuli. Ukiyafuata hapa utapotea. Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, na madirisha haya mawili hulipata kwa zamu. Kuanzia katikati ya Machi hadi karibu mwisho wa Septemba jua liko upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki liko kusini.

Sasa tazama zamu hizo zinaangukia msimu gani. Zamu ya kaskazini huanza na mvua ya masika, kisha inaingia Juni, Julai na Agosti, ambapo mawingu hufunika jiji siku nyingi. Zamu ya kusini inachukua Januari na Februari, wakati anga ni safi na jua ni kali. Dirisha la kusini ambalo halikupata jua hata kidogo Julai linaweza kuunguza majani Januari. Ndiyo maana mmea uliotulia mahali pamoja nusu mwaka huanza ghafla kupauka, na mwenyewe asijue kilichobadilika.

Tena, kwa kuwa jua la mchana liko juu sana, balkoni ya jirani wa ghorofa ya juu hulizuia lisikufikie. Jua linaloingia ndani kwa kweli ni lile la pembeni: la asubuhi kwa dirisha la mashariki, la alasiri kwa dirisha la magharibi. Dirisha la mashariki ndilo bora kuliko yote kwa mimea hii minne. La magharibi linafaa pia, lakini weka pazia jepesi.

Kwenye ploti zilizobanana, ambako ukinyoosha mkono unakaribia ukuta wa jirani, upande wa dirisha hauna maana tena. Pima kwa njia hii. Saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale unapotaka mmea ukae, kisha inua kiganja chako futi moja hivi juu yake. Ukiona kivuli chenye kingo safi, kila kidole kikijitenga, hapo monstera itakua. Ukiona kivuli kilichofifia lakini umbo la mkono bado linatambulika, hapo ni pa kalathea au pothosi. Kama karibu hakuna kivuli, iliyobaki ni ZZ peke yake, nayo itakaa tu bila kuongeza mashina kwa muda mrefu.

Monstera ndiyo inayoonyesha njaa ya mwanga waziwazi kuliko zote. Kwao, kuanzia kusini mwa Meksiko hadi Panama, huanza chini msituni kisha hupanda miti kuufuata mwanga. Majani yake ya utotoni hayana tundu hata moja, na mipasuko huja kadiri mmea unavyokomaa na kupata mwanga. Ukiiweka kwenye kona ya giza, vikonyo vinarefuka, majani yanatoka madogo na mazima, na watu wanaanza kudhani waliuziwa mmea mwingine. Pothosi nayo hupoteza madoa yake ya manjano gizani, kwa sababu jani linaongeza kijani ili linase mwanga mdogo uliopo.

Kalathea ni kinyume chake. Ni mmea wa sakafu ya msitu wa Amerika Kusini, na jua la moja kwa moja hufuta michoro yake. Kwa mwanga peke yake, kalathea ingefaa nyumba nyingi za Nairobi kuliko monstera. Shida yake iko kwenye maji.

Maji

Hili ndilo jambo ambalo wauzaji hawalisemi, na ndilo linaloamua mengi.

Maji ya mfereji wa jiji hutoka hasa bwawa la Ndakaini, na mengine Sasumua, yakishuka kutoka safu ya Aberdare. Hayo ni maji mepesi, yenye madini kidogo. Lakini kwa sababu ya mgao, majengo mengi ya kupanga yamechimba visima virefu au hununua maji ya lori, ambayo mara nyingi ni ya visima vilevile. Maji ya chini ya ardhi ya Nairobi hukaa kwenye miamba ya volkano, na visima vingi vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe kwa maji ya kunywa. Ndiyo floraidi ileile inayotia meno madoa ya kahawia.

Kalathea haiivumilii. Mizizi hunyonya maji na floraidi pamoja, maji yanapanda hadi ukingoni mwa jani na kuvukia, floraidi inabaki pale pale. Siku baada ya siku inarundikana hadi tishu za ukingo zinakufa. Sogeza jani machoni utaona: ukingo wa kahawia uliokauka unaovunjika ukiugusa, halafu mstari mwembamba wa manjano, halafu ndipo kijani chenye uhai kinaanza. Hewa kavu ya alasiri za Januari na Februari pia hukausha ncha za majani, kwa hiyo usikimbilie kulaumu maji. Badilisha maji, kisha tazama majani mapya yanayochipuka. Yakitoka safi, umepata jibu. Ya zamani hayaponi.

Wengi huchemsha maji wakidhani wanayasafisha. Kuchemsha kunapunguza maji na kuiacha floraidi ileile, hivyo unaiongezea ukali. Kuyaacha wazi usiku kucha kunaondoa klorini, na hilo ni zuri, lakini floraidi haiendi popote. Dawa ni maji ya mvua. Nairobi tuna misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na mtungi wa lita 20 unaitosha kalathea moja kwa wiki kadhaa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe vumbi la paa, kisha kinga zinazofuata, funika vizuri mbu wasizaliane. Ukiwa huna njia ya kufikia mfereji wa paa, beseni kwenye balkoni linasaidia, au yale maji ya kujaziwa kwenye maduka yenye mitambo inayochuja hadi chumvi. Lakini jiulize kwa uaminifu kama uko tayari kununulia mmea maji ya kunywa. Mimi naona ni haki kukataa, na anayekataa asinunue kalathea. Wala asinunue dracaena zile ndefu zenye mistari, maana nazo zinaichukia floraidi vilevile.

ZZ, pothosi na monstera hazina makuu na maji ya kisima. Kwao swali ni kiasi.

ZZ ni mwenyeji wa upande wetu wa bara, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, ingawa ni wakulima wa Uholanzi walioieneza madukani duniani katika miaka ya 1990. Itoe kwenye chungu uone: chini ya udongo kuna vinundu vinene vilivyosongamana kama viazi mviringo. Hayo ndiyo matangi yake, na mashina yanayopanda juu nayo yamejaa maji. Mmea uliojiandalia kiangazi namna hiyo haumwagiliwi kila Jumamosi. Kwenye chumba chenye mwanga wa wastani mara moja kwa wiki tatu au nne inatosha, na kwenye giza hata chini ya hapo. Ukiona vijani vya chini vinageuka manjano kwa wingi na shina limelainika pale linapoingia udongoni, umemwagilia kupita kiasi.

Pothosi inasema yenyewe. Majani yanalegea, unaimwagilia, baada ya saa chache yamesimama. Monstera inataka kidole chako: kiingize udongoni hadi kiungo cha pili, na pakiwa pakavu ndipo umwagilie hadi maji yatoke chini. Kalathea haitaki kukauka kabisa wala kuloa chepechepe, na ukikosea upande wowote majani yake yanajikunja kwa urefu.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote: Desemba. Kama nyumba nzima huenda ushago wiki tatu, ZZ haitajua mlitoka. Monstera na pothosi zitasubiri mkizimwagilia vizuri kabla ya safari na kuzisogeza mbali na dirisha. Kalathea inahitaji jirani mwenye ufunguo.

Baridi ya Juni hadi Agosti

Usiku wa Julai joto la nje Nairobi hushuka hadi nyuzi 11 hivi, na Karen, Lang'ata na kuelekea Limuru ni baridi kuliko Embakasi au Syokimau. Nyumba zetu nyingi hazina mitambo ya joto. Kwa mimea hii yote minne ukuaji unapungua sana kiwango cha joto kikishuka chini ya nyuzi 15, mizizi inanyonya polepole, na udongo uliokuwa ukikauka kwa siku tano sasa unakaa na unyevu wiki mbili. Mtu akiendelea na ratiba yake ya Februari, mizizi inaoza. Naamini mimea mingi ya ndani ya jiji hili inauawa na maji ya Julai kuliko na kiu ya Januari.

Katika miezi hiyo punguza maji kwa nusu, sahau mbolea, na usiache chungu juu ya vigae vitupu. Kipande cha mbao chini yake kinasaidia. Kalathea ndiyo huumia kwanza, halafu pothosi. Monstera hutulia tu, na hiyo si dalili ya ugonjwa.

Udongo

Udongo mwekundu wa Kiambu ni mzuri sana shambani, lakini kwenye chungu unashikana na kufukuza hewa. Ule mweusi wa upande wa Athi ni mbaya zaidi, hupasuka ukikauka na kugeuka matope ukiloa. Changanya na kitu chepesi: kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) kutoka Pwani, mawe mepesi ya volkano yanayochimbwa upande wa Naivasha, maganda ya mpunga ya Mwea, vipande vidogo vya makaa. Kokopiti ioshe kwanza kwa maji mengi, kwa kuwa mara nyingine huja na chumvi. ZZ ipe mawe hadi nusu ya mchanganyiko. Monstera inataka vipande vikubwa vikubwa mizizi ipumue. Kalathea inataka kokopiti nyingi zaidi. Pothosi itakubali chochote kisichotuama maji. Na chungu chochote kisicho na tundu chini, hata kiwe kizuri vipi, kigeuze kuwa chombo cha nje tu, cha kuwekea chungu chenye tundu.

Nafasi, bei na kuzalisha

Monstera inahitaji sakafu. Ikikomaa, jani moja linaweza kupita upana wa nusu mita, na inataka nguzo iliyoviringishwa nyuzi za nazi ili mizizi yake ya hewani ishike. Kwenye chumba kimoja chenye kitanda, jiko la gesi na meza, itawafukuza wenye nyumba. ZZ inapanda juu bila kutanuka sana. Pothosi haichukui sakafu kabisa ukiitundika.

Kwa bei, pothosi ndiyo ya chini kuliko zote, na mara nyingi huna haja ya kununua. Omba jirani kipande cha shina chenye kifundo, pale jani linapotokea, kitie kwenye chupa ya maji dirishani, na baada ya wiki mbili tatu mizizi itaonekana. Monstera huzalishwa kwa njia hiyohiyo. Jani tupu lisilo na kifundo linaweza kukaa majini miezi bila kuwa mmea, kwa hiyo usilinunue hata likiwa la kupendeza. ZZ inaweza kuota kutoka kijani kimoja, ila inataka subira ya miezi mingi. Kalathea hugawanywa kwenye shina lake la chini tu, na ndiyo maana haipatikani kwa bei ya chini.

Watoto na paka

Hapa kalathea inashinda waziwazi: haina sumu. Monstera, pothosi na ZZ zote zina fuwele kali za kalsiamu oksaleti ndani ya majani na mashina. Mtoto au paka akitafuna, mdomo na ulimi huwasha na kuvimba. Pothosi ya kuning'inia juu ya kabati haifikiwi na mtoto anayetambaa, lakini mikia yake ikirefuka hadi sakafuni, ikate. Unapokata monstera, nawa mikono kabla ya kugusa macho.

Kuhusu kusafisha hewa, usichague kwa kigezo hicho. Dai lenyewe lilienea kutokana na utafiti wa NASA wa 1989 uliofanywa ndani ya masanduku yaliyofungwa. Katika sebule yenye mlango na dirisha, kufungua dirisha kunafanya kazi kubwa zaidi ya vyungu vyote utakavyoweza kupanga.

Basi kalathea ina faida gani?

Nimeisema sana, na naipenda mno kuiacha hivyo. Jioni tazama majani yake: yanainuka na kusimama wima, na alfajiri yanashuka tena kuupokea mwanga. Kwenye kikonyo, pale kinapokutana na jani, kuna kifundo kidogo ambacho seli zake hujaa maji upande mmoja na kupungua upande wa pili, na jani zima linageuka. Upande wa chini wa jani, ambao mchana hauonekani, ni zambarau iliyokolea. Hakuna kati ya mingine mitatu inayofanya hivyo. Mtu mwenye maji ya mvua, dirisha la kivuli na mtoto mdogo nyumbani, mimi humshauri achukue kalathea na aache ZZ.

Kama ndiyo mara ya kwanza kufuga mmea na unaishi ploti ya giza, chukua ZZ. Kama una mwanga kidogo na unapenda kuona kitu kikikua wiki hadi wiki, pothosi itakuridhisha haraka. Monstera mpe mwenye dirisha la mashariki na sebule. Na asianze na ile kubwa: ndogo huzoea nyumba upesi, na ikifa hasara ni ndogo.

Ukifika kwenye kitalu

Geuza jani uangalie upande wa chini, hasa kando ya mshipa wa kati. Utando mwembamba na vitone vidogo vinavyotembea ni utitiri, na kalathea ndiyo chakula chao wakipendacho msimu wa kiangazi. Pamba nyeupe kwenye pembe za vikonyo ni wadudu wanaonyonya utomvu. Shika shina la ZZ pale chini ulibonyeze taratibu, liwe gumu. Tikisa monstera kidogo: ikicheza ovyo kwenye mfuko, imehamishwa juzi na haijashika mizizi. Omba kuona mizizi. Muuzaji anayejiamini atakutolea mmea mfukoni bila kununa. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya krimu na migumu, iliyooza ni ya kahawia, laini, na inanuka.

Kumbuka pia kwamba mmea umetoka chini ya neti ya kivuli ambako ulinyunyiziwa maji kila siku. Ukifika nyumbani usiuhamishe chungu siku hiyohiyo wala kuutia mbolea. Uweke peke yake, mbali na mimea mingine, kwa wiki mbili. Futa majani yake kwa kitambaa kibichi, na upekue upande wa chini kila baada ya siku chache. Utitiri ukijitokeza, uoshe mmea kwa maji ya mfereji, kisha tumia mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na maji na tone la sabuni, jioni, jua likishazama. Rudia baada ya wiki, kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza.